Diski Mpya, Sauti za Bibi

Kompyuta ya baba hapa Blacktown imezeeka, lakini ndiyo iliyobeba sauti za bibi, Mungu amrehemu, akitupigia simu toka Mombasa. Ndo maana diski ilipoanza kukwaruza nikanunua nyingine, ya terabaiti 4.

Kuifunga si kazi, jamani. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli, kaza skrubu, chomeka nyaya mbili za SATA: wa data na wa umeme. Ukiwasha usipoiona, usishtuke. Windows inasubiri uiandae. Hakikisha umechagua mpya, siyo ya zamani! Chukua GPT, manake MBR inagota kwenye terabaiti 2 na kidogo.

Kisha nakili, sauti kwanza. Wazee husema akiba haiozi. Ya diski huoza, basi nakala nyingine iko kwa shangazi, Auburn.