Pasaka inayoanzia makaburini

Saa kumi na moja alfajiri, Rungwe bado kuna giza. Mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha, migomba inachuruzika maji, na ukungu umeufunika mlima hata mgeni hawezi kujua kwamba upo. Mara matarumbeta yanalia. Watu wanatoka majumbani wamejitanda khanga na mablanketi, watoto wamebebwa mgongoni wakiwa bado na usingizi. Hawaendi kanisani. Wanakwenda makaburini.

Ndivyo Wamoravian wanavyoipokea Pasaka, na katika mwaka mzima sijui ibada inayonigusa kama hii.

Desturi hii ilizaliwa mbali. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi Saksonia, Ujerumani, katika ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Haikuchukua muda wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mtu amekimbia mateso, ameacha nyumba na mali, halafu anakosana na jirani waliyekimbia naye! Walikuja kupatana Agosti 13, 1727, katika ibada ya Chakula cha Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf, kijiji jirani. Miaka 5 baadaye, Aprili 13, 1732, vijana wa kiume walipanda kilima cha Hutberg kabla ya jua kuchomoza, wakaimba katikati ya makaburi. Mwaka huohuo kanisa lao likaanza kutuma wamisionari ng'ambo, na mwaka 1891 wakafika Rungwe.

Kule Herrnhut, Pasaka huangukia majira ya kuchipua. Theluji imeyeyuka, mti uliokuwa mkavu kama kuni unatoa majani, na hata asiyejua kusoma anausoma ufufuo kwenye matawi. Huku kwetu mgomba wa Aprili ni wa kijani kama ulivyokuwa Desemba. Hakuna kinachofufuka chenyewe mbele ya macho yetu. Kilichopo ni matope, baridi, na magugu yanayokua kuliko mboga. Anayetaka kuona kitu kimekuwa kipya sharti ashike fyekeo.

Kwa hiyo Jumamosi ya kuamkia Pasaka familia hupanda makaburini na majembe. Nyasi zinafyekwa, udongo ulioporomoshwa na mvua unarudishwa, misalaba iliyoinama inasimamishwa. Ni kazi ya nusu siku, na ndani yake mtu hujikuta anazungumza na nafsi yake kuliko alivyozungumza nayo Kwaresima nzima. Unang'oa gugu juu ya kifua cha aliyekulea, unakumbuka ulichomwahidi.

Litania ya alfajiri ile ina mahali pa kuwakumbuka waliolala tangu Pasaka iliyopita. Hapo sauti za watu hubadilika. Kila mmoja anajua kwamba mwaka jana baadhi yao walisimama palepale, wakaimba kwa sauti nzima.

Mwaka babu alipofariki, baba na baba mdogo walikosana juu ya mpaka wa shamba. Miezi ikapita bila salamu. Jumamosi ile kila mmoja alikuja kivyake, bila kujua kama mwenzake angekuja, wakaanza kulima kaburi la babu, mmoja upande wa kichwa, mwingine upande wa miguu. Sisi watoto tulikaa kimya. Walifyeka hadi wakakutana katikati, na hapo mpini wa baba mdogo ukavunjika. Akasimama kidogo, akifuta jasho.

"Kaka, niazime jembe lako."

Baba akampa. Kulipokucha Jumapili, mvua ikaanza tena wakati wa wimbo wa pili, nao walikuwa chini ya mwavuli mmoja.