Kumwita fisi kwa sauti ya simu: Kwa nini mfugaji anaweza kupoteza mbuzi zaidi

Mbuzi kachukuliwa usiku. Asubuhi zimebaki nyayo na damu kidogo mlangoni mwa zizi. Kijana wa nyumbani anashika simu, anatafuta, anakutana na video za wawindaji wa Marekani. Mtu kajibanza kichakani, spika ndogo inalia kama sungura aliyeumia, na koyoti, mnyama wa kule anayefanana na mbweha, anakuja mwenyewe mbio hadi mbele ya bunduki.

Inaonekana rahisi. Sauti hizo zipo mtandaoni na simu janja inatosha kuzicheza. Lakini kwa mfugaji wa Munanila, kata ya Wilaya ya Buhigwe, Kigoma, jirani na mpaka wa Burundi, mbinu hiyo inaweza kuongeza hasara badala ya kuipunguza.

Kwa nini mnyama anakuja?

Kwa mla nyama, kilio cha mnyama aliyeumia ni habari ya chakula cha bure. Hakuna wa kumkimbiza, ni kuwahi tu.

Fisi huitikia pia kelele za fisi wenzake wakigombania mzoga. Mlio wake wa kuitana unaweza kusikika hadi kilomita 5, hivyo fisi amezoea kupata habari za mbali kwa masikio.

Watafiti wanaujua ujanja huu. Miaka ya 1990 ulitumika Maasai Mara, Kenya, kukadiria idadi ya simba na fisi. Uganda ulitumika katika hifadhi za Queen Elizabeth, Murchison Falls na Kidepo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wanacheza sauti ya ndama wa nyati anayelia, kisha wanahesabu wanaojitokeza. Tofauti ni kwamba wao wanafanya hivyo hifadhini, wakiwa ndani ya gari, mbali na mazizi ya watu.

Hujui utamwita nani

Spika haichagui. Fisi aliyekula mbuzi wako huenda ameshiba na amelala. Atakayekuja ni mwenye njaa kuliko wote, tena huenda si fisi. Anaweza kuwa chui, au mbwa wa jirani. Na wewe umemwonyesha njia ya kufika zizini.

Fisi si mjinga

Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha jaribio la kuwachezea fisi sauti za fisi wageni, mmoja, wawili au watatu. Kadiri sauti zilivyoongezeka, ndivyo fisi walivyozidi kuwa makini. Yaani wanasikia tofauti ya idadi.

Mnyama wa aina hiyo ukimdanganya akaponyoka, safari nyingine anajihadhari. Ndiyo maana hata watafiti wanaepuka kurudia sauti ileile sehemu moja mara kwa mara.

Kuua hakumalizi tatizo

Marekani huua koyoti makumi ya maelfu kila mwaka. Pamoja na hayo, leo koyoti yupo katika majimbo yote isipokuwa Hawaii. Akiondoka mmoja, mwingine anachukua eneo lake, hasa kama chakula bado kinapatikana kirahisi.

Sumu ndiyo mbaya zaidi. Aprili 2018, simba 11, wakiwemo watoto 8, walikufa kwa sumu katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Februari mwaka huohuo, kusini mwa Tanzania, sumu iliua simba 6 na tai 74. Nyama yenye sumu huliwa na yeyote anayeikuta, hata mbwa anayelinda nyumba yako.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Kujitetea au kulinda mali mnyama anaposhambulia ni jambo jingine, na sheria inalitambua. Lakini ukimwita mwenyewe kwa spika halafu ukamuua, itakuwa kazi kumshawishi mtu kwamba ulikuwa unajitetea.

Kinachosaidia kinaanzia zizini

- Mbuzi waingie ndani kabla ya giza. Usiache mbuzi amefungwa kamba malishoni.
- Kagua mlango kwanza. Ukuta imara na mlango wa matawi ni sawa na zizi lisilo na mlango.
- Ziba matundu ya chini, maana mbweha anahitaji nafasi ndogo tu kumfikia mwana mbuzi.
- Fukia mizoga, mabaki ya machinjo na kondo la nyuma mbuzi anapozaa. Harufu nayo inaita.
- Mbwa alale karibu na zizi, awe amechanjwa kichaa cha mbwa.
- Taa zinazowakawaka husaidia. Richard Turere wa Kitengela, Kenya, alibuni taa za aina hiyo akiwa mtoto baada ya simba kuua ng'ombe wa kwao. Zilitumia betri iliyochajiwa kwa jua, na majirani nao wakazitaka.

Simu itumie hivi

Ukikuta mnyama ameuawa, usisogeze kitu kwanza. Piga picha nyayo, majeraha na mahali mnyama alipopita, kisha mpigie mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa halmashauri ajulishwe.

Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa hasara zinazosababishwa na wanyama wakali, na taarifa huanzia kijijini. Ukichelewa hadi mvua ishuke, nyayo zimefutika, na unabaki na maneno matupu.

Sauti ya spika usiku itamleta fisi. Simu ya asubuhi inaweza kumleta afisa.