Damu ilipofichua sumu ya mahindi

Mtu apatwapo na mshtuko wa moyo, misuli iliyoumia huvujisha vimeng'enya katika damu. Kwa miaka mingi daktari alivipima ajue moyo umeumia kiasi gani na mgonjwa ana matumaini gani. Ini nalo hutoa siri yake kwa njia hiyo hiyo.

Wakazi wa Kitui na Makueni waliyaona hayo kwa uchungu mwaka wa 2004. Watu walianza kuwa manjano machoni. Kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wameandikishwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa aflatoksini, sumu ya kuvu iotayo kwenye mahindi yenye unyevu.

Vimeng'enya huonyesha kwamba ini limeumia, lakini havimtaji aliyeliumiza. Hivyo watafiti walipima damu ya wagonjwa na ya wazima wa vijiji hivyo, wakitafuta sumu yenyewe iliyoshikamana na protini. Wagonjwa walikuwa nayo nyingi zaidi. Kadiri ilivyozidi, ndivyo mgonjwa alivyokufa upesi baada ya kuwa manjano. Waliokuwa na virusi vya hepatitisi B walikuwa hatarini zaidi. Tena, familia zilizougua ndizo hasa zilizokuwa zimeweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Msomaji, moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Kausha mahindi vyema, yainue kutoka sakafuni, na yaliyoota kuvu yatupe. Kinga ni bora kuliko tiba.