Jando Lisilo na Kungwi



Hivi karibuni, baada ya darasa la watoto la Jumamosi, alinijia mama mmoja wa jumuiya yetu. Aliuliza kwanza hali za nyumbani, akasifu mvua, akasifu watoto, nikajua kwamba lipo jambo. Ndipo aliposema, "Mwalimu, mwanangu amechaguliwa timu ya mpira ya chuo, nami nilifurahi. Lakini juzi amepiga simu kuniomba shati jeupe kuukuu, na kunionya usiku wa Ijumaa nisimpigie, kwani simu zao zitachukuliwa. Nikimwuliza watapelekwa wapi, anacheka. Asema ni mila ya timu tu. Mila gani hiyo, Mwalimu?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kitini kuandika makala haya.

Mila hiyo huku Marekani huitwa hezingi. Kwa lugha yetu naiita mateso ya mgeni: yale ambayo anayetaka kuingia katika kundi hulazimishwa kuyatenda au kuyavumilia ili akubaliwe. Aghalabu tukisikia habari zake hufikiri vile vyama vya udugu vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Lakini utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Maine, uliotolewa mwaka 2008 na uliowahoji wanafunzi 11,482 katika vyuo 53, ulionyesha kwamba katika kila wanafunzi 100 waliojiunga na vyama, timu au vikundi, 55 walipitia mateso hayo. Kadhalika, 47 katika 100 walikwisha kuyaonja tangu shule ya sekondari. Wenye watoto wa miaka kumi na mitano, msidhani mna muda mrefu wa kusubiri.

Wengi wetu hujiliwaza: "Mwanangu hanywi pombe, basi hayamhusu." Laiti ingekuwa hivyo! Katika Chuo Kikuu cha Florida A&M ipo bendi ya matarumbeta mashuhuri sana. Tarehe 19 Novemba 2011, mjini Orlando, baada ya mchezo mkubwa wa mpira, mmoja wa viongozi wa gwaride wa bendi hiyo, Robert Champion, mwenye umri wa miaka 26, aliingia katika basi lililoegeshwa nje ya hoteli. Mila ilikuwa kupita kutoka mbele ya basi hadi nyuma huku wenzake wakimpiga ngumi, mateke na vijiti vya ngoma. Alifika nyuma. Muda mfupi baadaye alizimia, akafariki usiku ule. Katika mila ile hapakuhitajika hata tone la ulevi. Bendi ilisimamishwa hadi mwaka 2013, rais wa chuo alijiuzulu, na mmoja wa wanamuziki wenzake alihukumiwa kifungo cha miezi 77.

Hata hivyo pombe ndiyo silaha itumikayo zaidi, nayo kwetu ina sumu ya pili nitakayoieleza. Usiku wa tarehe 2 Februari 2017, katika nyumba ya chama kimoja cha udugu huko Penn State, Timothy Piazza, kijana wa miaka 19 aliyesomea uhandisi, alipewa vinywaji 18 katika muda wa dakika 82. Akaanguka kwenye ngazi za kushukia ghorofa ya chini. Kamera za nyumba ile zilirekodi yote yaliyofuata. Wenzake walimlaza kwenye kochi, wakammwagia maji, wakamvika mkoba uliojazwa vitu vizito ili asigeuke akalala chali. Mwanafunzi mmoja aliyesihi waite msaada alisukumwa ukutani. Karibu saa 12 zilipita tangu alipoanguka hadi mtu alipopiga simu. Tarehe 4 alifariki.

Nimezisoma habari hizo mara nyingi, na kila mara hukwama kwenye saa zile 12. Katika nyumba ile hapakukosekana simu wala vijana wenye akili. Walifika chuo kikuu, hawakuwa majuha. Kilichowafunga mikono ni siri. Kuita gari la wagonjwa kulikuwa kukitoa chama hadharani, na kila mmoja alimtazama mwenzake.

Sasa niseme hiyo sumu ya pili. Kijana wetu akilazimishwa kunywa, huwa na siri mbili: ya kundi lake, na ya kwake mbele ya baba na mama. Mwenzake Mmarekani akizidiwa, huenda akampigia babaye saa nane za usiku akijua atagombezwa kwa ujinga. Wa kwetu atahesabu: Baba atasema nini? Msikitini watasema nini? Nasi wazazi ndio tuliomfundisha hesabu hiyo. Haramu ni haramu, sikusudii kuilegeza. Lakini mtoto anayeona bora afe kuliko tujue, tumemfundisha nusu tu ya dini.

Mtaniuliza, mbona wanakubali? Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Aronson na Mills, waliwajaribu wasichana wa chuo. Baadhi walisomeshwa kwa sauti maneno ya aibu kabla ya kuruhusiwa kuingia katika kundi la mazungumzo, wengine hawakutiwa aibu kubwa. Kisha wote wakasikilizishwa mazungumzo yale yale, makavu ya kuchosha. Waliotiwa aibu zaidi ndio walioyasifu zaidi. Mtu akilipa bei kubwa huona taabu kukiri kwamba kitu hakikuwa na thamani. Na mwakani, akiwa mwenyeji, atamtoza mgeni bei ile ile, ama na faida juu yake.

Hayo siyajui vitabuni tu. Nyumbani nilifundisha katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Wanafunzi wapya, tukiwaita njuka, walifulishwa nguo za wakubwa na kuamriwa kuizima taa ya umeme kwa kuipuliza. Sisi walimu tulicheka. Usiku mmoja nilimkuta mtoto wa kidato cha kwanza amelala nyuma ya jiko la shule, akiogopa bwenini. Nikamrudisha, nikamwambia, "Utazoea." Akazoea. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, hata tukamfukuza muhula mzima. Sikumbuki kama nilimwomba radhi. Nadhani sikumwomba.

Wapo wazee wanaosema, "Hata sisi tulikuwa na jando, na kumbini palikuwa na taabu." Kweli. Lakini kumbini alikuwapo kungwi, mtu mzima ajulikanaye kwa jina na ukoo, aliyekabidhiwa watoto wa watu na ambaye lazima awarudishe. Mwari akiumwa, kungwi aliulizwa. Taabu ilikuwa na mafunzo yake na siku yake ya kwisha. Kwenye basi lile la Orlando, nani alikuwa kungwi? Aliyemtangulia mgeni kwa mwaka mmoja au miwili ndiye mkubwa, wala hakuna mzazi aliyemkabidhi mtu.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Pennsylvania ilipitisha mwaka 2018 sheria yenye jina la Piazza, ambayo pia humkinga na mashtaka anayeita msaada kwa nia njema. Desemba 2024 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vitangaze hadharani majina ya vikundi vilivyopatikana na hatia na makosa vilivyofanya. Basi kabla hujamfungia mwanao mizigo, mwulize jina la kikundi, kisha keti naye mlitafute katika taarifa ya chuo chake. Na umwambie waziwazi, kwa maneno ambayo hutayarudisha nyuma: mwenzako akizimia, piga 911 kwanza, ukizidiwa wewe, nipigie mimi, nitakuja, na usiku huo sitauliza lolote.

Mama yule alimwambia mwanawe maneno hayo, nami nilizungumza naye kwa simu. Kijana alimwendea nahodha akauliza watapelekwa wapi. Akajibiwa kwamba anayeuliza si mwenzao. Ijumaa ile hakwenda. Bado yumo katika timu, ingawa wenzake wawili hawamsemeshi na mpira haumfikii sana. Mama ameniuliza kama tulifanya vyema, nikamjibu kwamba tulifanya vyema. Kijana mwenyewe hajaniambia neno.