Namba ya Kwenye Boksi Si Idadi ya Maiki

Mwenye studio ya chumbani, awe Kisauni, Malindi au Lamu, siku hizi hahitaji mengi: kompyuta, maiki, hedifoni, na kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, ambacho mafundi hukiita intafesi. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa sauti kuwa tarakimu ambazo kompyuta yaweza kuzihifadhi, kisha kuzigeuza tena zisikike kwenye spika. Hapo ndipo pesa hupotea bure, kwani watu hununua kwa kutazama namba ya kwenye boksi, matundu yenyewe hawayatazami.

Chukua kampuni ya Focusrite, ambayo vifaa vyake vimeenea sana. Wana intafesi ndogo iitwayo Scarlett 2i2. Namba ya kwanza ni njia za kuingia, ya pili ni njia za kutoka. Maiki mbili zaingia, spika mbili zatoka. Hapo hapana la kuficha. Sasa njoo kwa Scarlett 18i20. Anayeona 18 hudhani atachomeka maiki kumi na nane. La! Njia zenye priampu, yaani kikuzaji kinachoinua umeme dhaifu wa maiki, ni 8 tu. Nyingine 8 hupita kwenye waya mmoja wa mwanga, kwa mfumo uitwao ADAT, na 2 zilizobaki hupita kwenye S/PDIF. Hizo 10 hazikufai kwa maiki mpaka ununue kifaa cha pili chenye priampu zake. Kampuni haikusema uongo, na watengenezaji wengine nao huhesabu vivyo hivyo. Lakini aliyekwenda dukani na hesabu ya maiki 18 atarudi nyumbani na 8.

Basi kabla ya kutoa pesa jiulize jambo moja: ni sauti ngapi zitarekodiwa kwa wakati mmoja? Kwa wakati mmoja, si kwa wimbo mzima. Wimbo waweza kuwa na sauti thelathini zilizopita zote kwenye tundu moja, leo mwimbaji, kesho gitaa, keshokutwa waitikiaji. Anayeimba peke yake juu ya mdundo wa kompyuta, tundu moja lamtosha. Kinanda hula matundu mawili ukitaka sauti yake ya kushoto na ya kulia.

Matundu nayo hayafanani, hata yakikaa pamoja. Kwenye intafesi nyingi utaona tundu linalopokea plagi za aina mbili: ile ya duara yenye pini tatu, XLR, na jeki nene katikati yake. Maiki huingia kwa XLR. Kinanda huingia kwa jeki, na swichi ikae kwenye LINE, maana umeme wake una nguvu tayari. Ukiupitisha njia ya maiki sauti itakwaruza. Udi ni habari nyingine. Kile kinasa kidogo kinachobandikwa kwenye ubao wake, kisichokuwa na betri, chataka swichi ya INST. Ukikiacha kwenye LINE, besi yote yaondoka na udi walia kama bati. Mpigaji hulaumiwa, na kosa ni la swichi.

Halafu kuna kitufe cha 48V. Maiki za kondensa hazifanyi kazi bila umeme huo, ambao hupanda kwa waya ule ule wa maiki. Watu huongeza sauti mpaka mwisho wakisikia uvumi mtupu, kumbe kitufe hakijabonyezwa.

Kwenye njia za kutoka, mbili ni za spika, kushoto na kulia. Tundu la hedifoni kwenye kifaa kidogo hutoa nakala ya zile zile mbili, kwa hiyo mwimbaji atasikia kile kile unachosikia wewe. Akitaka mdundo mkubwa na wewe wataka sauti yake iwe juu, mmoja wenu itambidi avumilie. Faida ya kuwa na njia nne au zaidi za kutoka ni hiyo: kila mtu apewe mchanganyiko wake.

Malalamiko mengine ni ya sauti kuchelewa. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Kwa vipimo 48,000 kila sekunde, fungu la vipimo 256 huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 5, na sauti yapaswa kuingia na kutoka, kwa hiyo huwa zaidi ya 10. Mwimbaji hujisikia akifuatwa nyuma na kuharibu mapigo. Dawa ni swichi ya DIRECT, inayompelekea sauti yake moja kwa moja kwenye hedifoni bila kuzunguka kwenye kompyuta.

Na kikundi cha taarabu? Udi, fidla, kinanda cha matundu mawili, dumbak na mwimbaji: hayo ni matundu sita, na 2i2 haiyafikii. Waweza kuwarekodi mmoja mmoja, ila mimi sipendelei. Fidla humjibu mwimbaji, naye humsubiri. Ukiwatenganisha, majibizano yale yapotea. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hapakuwa na kumtengea kila mtu njia yake, walipiga pamoja. Nawe waweza kuweka maiki mbili chumbani na kuwapanga watu kwa umbali, dumbak nyuma, mwimbaji mbele, ukasogeza viti mpaka masikio yaridhike. Ubaya wake ni kuwa baadaye huwezi kumpunguza mmoja peke yake.

Kwa mzee mwenye udi wake anayeimba peke yake, hata kifaa kidogo chatosha: maiki moja mbele ya udi, ya pili karibu na mdomo. Zikiwa za kondensa, washa 48V kabla hajaketi, na umsikilize kwa hedifoni angali anakaza nyuzi, maana mara ya kwanza ndiyo huwa nzuri kuliko zote na huenda asikubali kurudia.