Dawa Gani Ilikudhuru? Lijue Jina Lake



Siku moja tulikuwa na mkutano wa kikundi cha akina mama sehemu za chini za Embu, kule kunakokauka mapema. Sista mwuguzi alikuwa amekuja nasi kupima presha. Cucu mmoja akamwambia, "Sista, mimi usinipatie dawa. Kuna dawa ilitaka kuniua."

"Dawa gani hiyo, cucu?"

"Ile nyeupe."

"Nyeupe ni nyingi, cucu. Ilikuwa ya ugonjwa gani?"

"Ya kifua. Ama ya homa. Nilinunua dukani, nikafungiwa kwa karatasi."

Watu walicheka, lakini Sista hakucheka. Njiani tukirudi aliniambia kwamba cucu huyo anaweza kupewa dawa ile ile kesho katika zahanati nyingine, kwa nia njema kabisa, na hakuna atakayejua mpaka uso uvimbe. Tena anaweza kunyimwa dawa kumi nzuri kwa sababu ya moja ambayo haijulikani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza swali hilo katika kila kikundi, na mara nyingi majibu ni kama ya cucu: nyeupe, nyekundu, ya rangi mbili, ile ya sindano.

Aleji, ambayo vitabu huita mzio, ni mwili kuichukua dawa kama adui. Mwilini tuna askari wanaopigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hukosea, wakaiona dawa kama mdudu, wakaanza vita. Mara ya kwanza mtu anaweza kumeza bila shida yoyote, kumbe askari wamekwisha kumweka adui huyo akilini. Mara ya pili au ya tatu ndipo moto unawaka. Kwa hiyo mtu asiseme, "Haiwezi kuwa hiyo, mbona niliitumia mwaka jana?" Inaweza.

Lakini si kila taabu ya dawa ni aleji. Wazee wanakumbuka klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Ilikuwa inawasha wengi wetu mwili mzima usiku kucha, na wengi waliitupa wakisema wana aleji. Kwa walio wengi haikuwa aleji, ilikuwa tabia ya dawa yenyewe kwa ngozi yetu Waafrika. Kwinini nayo huvumisha masikio. Amoksilini huweza kuharisha. Hayo ni madhara ya kawaida, nayo daktari huyapima kwa njia nyingine.

Sasa daktari hujuaje? Wengi hudhani kuna mashine ya kutia damu ikatoa orodha ya dawa zote zinazomdhuru mtu. Hakuna. Kwa dawa chache, kama penisilini, hospitali kubwa zinaweza kupima kwa kuchoma ngozi kidogo, lakini kipimo cha kwanza ni maelezo yako wewe mgonjwa. Atakuuliza jina la dawa, ulianza kuimeza siku gani, taabu ilianza baada ya muda gani, uliona nini mwilini, na ulipoacha kulitokea nini. Atauliza pia ulikuwa unatumia nini kingine, na hapa tafadhali msifiche miti shamba. Daktari hataki kukugombeza, anataka kujua ni nani mwenye kosa kati ya dawa mbili.

Muda ni ushahidi mkubwa. Aleji ya haraka huja kwa dakika chache, au ndani ya saa moja au mbili hivi: mabaka yanayowasha kama umeguswa na upupu, midomo na macho kuvimba, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, mtu kuanguka. Aleji ya polepole huja baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na ndiyo hutudanganya kwa sababu mtu amekwisha kusahau alianza dawa lini. Upele mwekundu unatokea, mwasho, pengine homa. Mara nyingi huisha dawa ikiachwa.

Lakini kuna upele ambao si wa kungoja kesho. Ukiona homa pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu yenye kuuma, ngozi inayouma badala ya kuwasha, malengelenge, au ngozi kuchunika kama ya mtu aliyeungua na maji moto, acha dawa na uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ugonjwa huo huua, na wengine wanaopona huachwa na macho yaliyoharibika. Dawa zinazojulikana sana kwa kuuleta ni zile za jamii ya salfa, baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, na nevirapini ya virusi vya UKIMWI.

Salfa nitaisemea zaidi, kwa maana ndiyo iliyojaa manyumbani mwetu. Septrin ina salfa. Bactrim ni dawa ile ile kwa jina jingine. Fansidar, ambayo ilikuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria baada ya klorokwini, ina salfa pia. Mtu aliyechunwa na Septrin Nkubu anaweza kuuziwa dawa yenye jina lingine Maua na akaona ameepuka. Hajaepuka. Kwa hiyo ukiwa na aleji, omba uandikiwe jina la dawa yenyewe pamoja na jamii yake, si jina la kiwanda peke yake.

Nchi yetu iliwahi kujifunza jambo hili kwa uchungu. Zamani wagonjwa wa kifua kikuu walipewa kidonge kilichokuwa na thiasetazoni. Ilikuwa rahisi kwa bei, na ilitumika miaka mingi. UKIMWI ulipoingia, wahudumu wakaanza kuona wagonjwa wanachunika ngozi. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi Nairobi walichapisha walichokiona: kati ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa na virusi, karibu mmoja kwa kila watano alipata aleji ya ngozi, na baadhi yao walikufa. Kwa wale wasio na virusi ilikuwa kama mmoja kwa mia. Shirika la Afya Duniani likaonya dawa hiyo isipewe mtu mwenye virusi, na ethambutoli ikachukua nafasi yake. Tazameni, dawa ilibadilishwa kwa sababu watu waliandika: mgonjwa huyu, dawa hii, siku hii, ngozi hivi.

Turudi kwa aleji ya haraka, maana ndiyo haitoi nafasi. Mtu akivimba uso au kubanwa pumzi baada ya kidonge au sindano, mlaze chali na kuinua miguu yake juu ya mto au gunia. Kama pumzi ndiyo taabu, mwache akae, lakini asisimame wala kutembezwa. Akitapika au kuzimia, mgeuze ubavu. Msimpe maziwa. Najua kwetu maziwa huaminiwa kuua sumu, lakini koo lililovimba halimezi, yataingia kwenye mapafu. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, inayotolewa na mhudumu, na kila zahanati inayochoma sindano inapaswa kuwa nayo karibu. Piriton hutuliza mwasho tu, haifungui koo wala kuinua presha iliyoanguka. Na kama kuna njia yoyote ya kupata gari, hata pickup ya majani chai, msimbebe kwa bodaboda akiwa ameketi wima katikati ya watu wawili, kwa sababu damu haifiki kichwani. Akipata nafuu hospitalini msimtoe haraka, kwani taabu inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Sasa nije kwa kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi sana. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kati ya watu 10 wanaosema wana aleji ya penisilini, kama 9 wakipimwa vizuri huonekana wanaweza kuitumia. Kumbe walikuwa watoto wenye homa ya virusi, wakapewa amoksilini, upele wa virusi ukatoka, dawa ikalaumiwa. Ama aleji ilikuwako na ikaisha kwa miaka. Mtasema, basi si aepuke tu, kuna hasara gani? Iko. Mama mjamzito mwenye kaswende hutibiwa kwa penisilini ya sindano, na hakuna dawa nyingine iliyothibitishwa kumtibu mtoto aliye tumboni. Kijana aliyeharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi anahitaji sindano hiyo kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Akisema "nina aleji" kwa kubahatisha, anajifungia mlango. Kwa hiyo mtu mwenye neno hilo kwenye kadi yake amwombe daktari alichunguze upya. Hospitalini wanaweza kumpa dozi ndogo huku wakimwangalia, au kumzoesha mwili kidogo kidogo, jambo ambalo hufanywa hata kwa Septrin. Aliyewahi kuchunika ngozi au kupata malengelenge harudishiwi dawa hiyo kamwe, wala mtu asijaribu mambo haya nyumbani.

Kuhusu chanjo, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Mtoto kupata homa usiku, paja kuvimba, kulia sana, hiyo si aleji. Upele mdogo wiki moja hivi baada ya chanjo ya surua ni kawaida. Kidonda kidogo mkononi baada ya chanjo ya kifua kikuu ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Aleji kali ya chanjo hutokea kama mara moja katika dozi milioni moja, na karibu zote huja upesi. Ndiyo sababu mwuguzi huwaambia mkae kidogo kwenye benchi kabla ya kuondoka. Akina mama, kaeni hizo dakika 15 au 30, hata kama mahindi yanangoja. Mabishano ya mwaka 2014 kuhusu chanjo ya pepopunda, ambayo sisi Wakatoliki tunayakumbuka, yalihusu mambo mengine kabisa, hayakuwa ya aleji.

Mwenye aleji kali ya mayai amwambie mwuguzi hasa inapokuja chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa hukuzwa ndani ya mayai. Jambo hili si la mbali: mwaka 2022 homa ya manjano ilitangazwa Isiolo, jirani zetu kabisa. Chanjo ya surua haina shida hiyo, mtoto anayevimba kwa mayai anaweza kuipata. Na mtoto aliyewahi kubanwa pumzi baada ya chanjo fulani, asirudishiwe hiyo kabla daktari hajamwona, lakini chanjo zake nyingine msiziache.

Vikundi vinaweza kufanya nini? Kwanza, kataeni dawa za karatasi zisizo na jina. Mwambieni mwenye duka au kemisti aandike jina, hata kwa kalamu ya mtoto wa shule. Dawa ikimdhuru mtu, chukueni pakiti na vidonge vilivyobaki mwende navyo. Mwombeni mhudumu ajaze ile fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mpango huo wa kuripoti ulizinduliwa mwaka 2009, na wengi wetu hatujui kwamba tuna haki ya kuuliza, "Umeripoti?" Halafu mgonjwa apewe kadi ya tahadhari, au maneno hayo yaandikwe nje ya kitabu chake cha kliniki kwa wino mwekundu: jina la dawa, mwaka, na kilichotokea.

Kikundi kimoja sehemu za Tigania kiliamua kuandika aleji za wanachama wote nyuma ya daftari la mikopo. Nia ilikuwa nzuri, lakini mama mmoja alikuja kwangu kando akilia. Jina lake lingeandikwa karibu na neno Septrin, na pale kijijini watu hujua ni akina nani humeza Septrin kila siku. Tulikubaliana na mwenyekiti ukurasa ule ukatwe. Sasa kila mtu ana kadi yake mwenyewe, imeshonewa ndani ya karatasi ya nailoni, inakaa pamoja na kitambulisho, na nyumbani kuna mtu mmoja anayejua iko wapi.