Carolina Maria de Jesus: mama aliyeandika njaa yake

Habari za kina mama wanaolea watoto peke yao mara nyingi husimuliwa na watu wengine. Carolina Maria de Jesus wa Brazil alijisemea mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1914, akasoma miaka miwili tu. Huko São Paulo aliishi na watoto watatu katika kibanda cha mbao, mtaa wa Canindé. Aliokota karatasi na vyuma chakavu, akauza. Mvua ikinyesha karatasi hulowa, na sufuria hubaki tupu. Aliandika kwenye madaftari ya kuokota. Anaanza na siku ya kuzaliwa ya binti yake mwaka 1955: alitaka kumnunulia viatu, bei ya chakula ikamzuia. Akaokota jozi jalalani, akaiosha na kuishona.

Aliandika pia bei za vyakula, na wanasiasa wanaokumbuka mtaa kura zikikaribia. Hao tunawafahamu hata huku kwetu!

Mwandishi wa habari alimsaidia kuchapisha kitabu mwaka 1960, nakala 10,000 za kwanza zikaisha haraka. Akanunua nyumba. Lakini waliomshangilia walimsahau upesi, na mwaka 1977 alifariki akiwa tena maskini. Binti yule wa viatu alikuja kuwa mwalimu.